Mhakiki Mwenye Maktaba Kichwani: Francis Bull, Kutoka Kumi Hadi Moja

Anayetafuta umaarufu asisomee uhakiki. Mwandishi hujengewa sanamu, mwigizaji hupigiwa makofi, hata mchoraji wa jalada huandikwa jina ukurasa wa pili. Mhakiki hupata nini? Chuki ya aliowakosoa, na kinyongo cha aliowasifu kidogo kuliko wanavyojisifu wenyewe.

Hebu tuwaulize mashahidi. Waliofanya mtihani wa KCSE nchini Kenya kati ya 2018 na 2022 wanamjua Henrik Ibsen, watake wasitake. A Doll's House ilikuwa tamthilia ya lazima, na vijana kuanzia Kisii hadi Kilifi walijua kwamba Nora Helmer anakula vitamutamu kwa kujificha, kwamba Krogstad ana barua, na kwamba mwishoni kuna mlango. Sasa waulize haohao, kwa alama mbili tu: ni nani aliyetumia karibu miongo mitatu akipanga maandishi yote ya Ibsen, juzuu baada ya juzuu? Utaona karatasi nyeupe zinavyopendeza.

Mmoja wa waliofanya kazi hiyo ni Francis Bull wa Norwei: profesa, mhariri, mhakiki, mwanahistoria wa fasihi, na msemaji ambaye watu walikwenda kumsikiliza hata kama mada haiwahusu. Maisha yake tunayahesabu hapa kwa kushuka, kutoka kumi hadi moja. Alama zimetolewa na mwandishi wa makala hii, na rufaa hazipokelewi.

10. Alihamia mji mwingine bila kutoka nyumbani

Bull alizaliwa Kristiania tarehe 4 Oktoba 1887 na kufariki Oslo tarehe 4 Julai 1974. Usikimbilie ramani kupima umbali. Ni mji uleule. Tarehe 1 Januari 1925 jina la kale la Oslo lilirudishwa rasmi, na lile lililotokana na Mfalme Christian wa Nne likawekwa kabatini. Wenye maduka walichapisha upya risiti, wazee wakaendelea kutaja jina la zamani, na mji ukaendelea kunyeshewa theluji ileile.

Majira ya kuzaliwa kwake nayo yalikuwa ya kifasihi. Ibsen alikuwa ametoa Rosmersholm mwaka 1886, na Fruen fra havet ikafuata 1888. Kwa hiyo mtoto huyu aliingia duniani katikati ya tamthilia mbili, kama mtazamaji aliyefika ukumbini wakati wa mapumziko. Norwei yenyewe ilikuwa bado inashirikiana mfalme mmoja na Uswidi. Muungano huo ulivunjika 1905, Bull akiwa na miaka 17, umri ambao kila kijana hudai uhuru, ila yeye alibahatika kudai pamoja na nchi nzima.

Alama: 6 kati ya 10. Nne zimekatwa kwa sababu hakufanya chochote; mji ndio uliofanya kazi yote.

9. Baba yake alimtibu Ibsen

Wengine wanarithi shamba, wengine wanarithi madeni. Francis Bull alirithi ukaribu na mgonjwa maarufu kuliko wote nchini. Baba yake, Dakta Edvard Bull, ndiye aliyekuwa akimhudumia Ibsen katika miaka yake ya mwisho, kwenye nyumba ya Arbins gate katikati ya Kristiania.

Ibsen alikuwa amerudi nchini mwaka 1891 baada ya kuishi Italia na Ujerumani kwa miaka 27. Kila siku alikwenda kuketi Grand Café, kwa mwendo wa saa maalumu, kiasi kwamba ilisemwa mtu angeweza kurekebisha saa yake kwa kumtazama anavyopita. Kuanzia 1900 kiharusi kilimwandama, mkono ukagoma kuandika, na tarehe 23 Mei 1906 akafariki. Kisa kinachosimuliwa sana ni kwamba muuguzi alimwambia mgeni kuwa mgonjwa anaendelea vizuri, na mzee akajibu kutoka kitandani: kinyume chake! Ndilo linalotajwa kuwa neno lake la mwisho. Ukiwa umeandika tamthilia maisha yako yote, huwezi kumwachia muuguzi mstari wa kufunga.

Wakati huo Francis alikuwa na miaka 18. Wahenga wanasema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Hakuwa daktari, lakini moto wa Ibsen aliuvukuta mpaka uzee wake.

Alama: 8. Wahakiki wengi hutafuta nyaraka za siri kuhusu mwandishi. Huyu angeweza kumuuliza baba mezani.

8. Kaka yake alikuwa waziri kwa siku kumi na nane

Nyumba ya akina Bull haikuwa na uhaba wa vichwa. Kaka yake Francis, Edvard, aliyezaliwa 1881, alikuwa profesa wa historia na mwanasiasa wa Chama cha Wafanyakazi. Mwaka 1928 chama hicho kiliunda serikali yake ya kwanza kabisa nchini Norwei, chini ya Christopher Hornsrud, na Edvard akapewa wizara ya mambo ya nje. Mabenki yakashtuka, bunge likashtuka zaidi, na serikali ikaangushwa. Iliingia 28 Januari na kuondoka 15 Februari. Mla ni mla leo, lakini hawa hata kunawa walikuwa hawajamaliza.

Edvard alifariki mapema, mwaka 1932. Akaacha mtoto aitwaye Edvard Bull, naye akawa mwanahistoria. Ukijumlisha na babu daktari, unapata Edvard watatu katika ukoo mmoja. Wanafunzi wa historia wa Oslo wanaochanganya tanbihi zao wasamehewe.

Francis hakufuata njia ya siasa. Alichagua fasihi, uwanja ambao mtu anaweza kushikilia kiti miaka 37 bila kupigiwa kura ya kutokuwa na imani. Tutafika huko.

Alama: 5. Ni za kaka mtu. Francis amepewa kwa undugu.

7. Alianza na mtu ambaye nchi mbili zinamgombea

Kijana mwenye haraka angeanza na Ibsen. Bull alianza na Ludvig Holberg. Mnamo miaka ya 1910 alimchunguza Holberg kama mwanahistoria, na kitabu chake cha 1916, Fra Holberg til Nordal Brun, kikamweka miongoni mwa wasomi wa kutazamwa.

Holberg alizaliwa Bergen, Norwei, mwaka 1684, akafariki Copenhagen, Denmark, mwaka 1754. Katikati hapo aliandika komedi zilizowachekesha Wadenmark, historia zilizowafundisha, na akawa profesa wao. Nchi hizo mbili zilikuwa chini ya mfalme mmoja hadi 1814, maandishi yalikuwa ya lugha moja, na mji mkuu ulikuwa Copenhagen. Kwa hiyo Wadenmark wanasema: ni wetu, aliishi kwetu. Wanorwei wanasema: ni wetu, alizaliwa kwetu. Holberg mwenyewe, bachela mpaka kaburini, hakuacha mtoto wa kuulizwa.

Swali lililokuwa chini ya ugomvi huo lilikuwa zito. Fasihi ya taifa huanzia wapi, kama kwa miaka mia kadhaa taifa lenyewe lilikuwa jimbo la mwenzake? Ukimtupa Holberg, unabaki na shimo la karne nzima. Ukimchukua, jirani anakuja kugonga mlango. Kazi ya mwanahistoria wa fasihi ni kukaa hapo mlangoni na kusema: karibu, tumsome wote. Bull hakuacha kuwasiliana na Wadenmark hata uzeeni. Mwaka 1953 alikuwa miongoni mwa wahariri wa juzuu za barua ambazo Bjørnstjerne Bjørnson, mshindi wa Nobeli wa 1903, aliandikiana na watu wa Denmark.

Alama: 7. Kupatanisha majirani wanaogombea marehemu si kazi ya kitoto.

6. Kiti cha uprofesa, na karatasi ambazo hazikuwepo

Mwaka 1920 Bull akawa profesa wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kristiania, akimfuatia Gerhard Gran. Alikuwa na miaka 32. Akakaa hapo hadi 1957. Piga hesabu: aliyemfundisha mwaka wa kwanza angeweza kumfundishia mtoto, na kwa bidii kidogo, mjukuu.

Gran alikuwa ameanzisha jarida la utafiti wa fasihi, Edda, mwaka 1914. Alipofariki 1925, Bull alichukua uhariri na kuushika kwa miongo. Mhariri wa jarida la kitaaluma ni mtu anayejua nani anaandika vizuri, nani anachelewa, na nani anayedai amemaliza ilhali hajaanza. Ndiyo maana wahariri wengi hawana marafiki wapya baada ya miaka hamsini.

Lakini sifa iliyomtangulia Bull kila alikokwenda ni ulimi. Alizungumza bila karatasi. Tarehe, majina, nani alimwandikia nani na kwa hasira gani, vyote vilitoka kichwani kwa mpangilio. Tumezoea maprofesa wanaosoma maandishi yao kwa sauti inayotuliza watoto wachanga. Bull aliuacha mswada nyumbani, akasimama, akasimulia. Mshike mwanamume huyu na kumbukumbu yake. Namba moja itaidai.

Alama: 8. Ingekuwa 9, ila watu wasiohitaji karatasi hutuudhi sisi tunaozihitaji.

5. Historia nzima ya fasihi, na lawama zake

Kuanzia 1924 zilianza kutoka juzuu za Norsk litteraturhistorie, historia kubwa ya fasihi ya Norwei. Waanzilishi walikuwa wawili: Fredrik Paasche, bingwa wa enzi za kati na sakata za kale, na Bull, aliyechukua kuanzia Matengenezo ya Kanisa na baadaye kizazi cha Ibsen na Bjørnson. A. H. Winsnes na Philip Houm wakaongeza juzuu zao baadaye. Ni vitabu vizito vya kukalia kama viti vimeisha, lakini vilisomwa, na si na wanafunzi peke yao. Familia za kawaida ziliviweka sebuleni, na baadhi yao hata zilivifungua.

Sababu ni namna Bull alivyoandika. Kwake mwandishi alikuwa mtu kwanza: mwenye mama, mwenye deni, mwenye wivu, mwenye rafiki aliyemgeuka. Tamthilia ilielezwa kupitia maisha, na maisha kupitia barua. Msomaji alimaliza ukurasa akijua shairi lilitoka wapi na lilimgharimu mshairi nini.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kikaja kizazi kipya cha wahakiki na darubini zao. Wakasema tusome matini, tusimsome mwenye matini. Ya nini kujua mshairi alikuwa na homa? Shairi lina homa yake. Kwao, mbinu ya Bull ilikuwa umbea wenye shahada. Na kuna ukweli hapo: ukijua sana maisha ya mtu, unaweza kuisoma kazi yake kama ripoti ya polisi, ukitafuta mhusika gani ni shemeji yupi. Wahakiki hawa wapya walikuwa makini, walikuwa na istilahi, na maandishi yao yalisomwa na wahakiki wenzao wapya.

Alama: 7. Darubini ni nzuri, lakini hakuna aliyewahi kukesha akisikiliza darubini.

4. Mlangoni mwa ukumbi na ndani ya kiwanda cha vitabu

Mhakiki wa kawaida hukaa safu ya tatu na kukunja uso. Bull aliingia mpaka ofisini. Kwa miaka mingi aliongoza bodi ya Nationaltheatret, ukumbi mkuu wa tamthilia jijini Oslo uliofunguliwa mwaka 1899. Uso wa jengo hilo umechongwa majina matatu: Holberg, Ibsen, Bjørnson. Nje kuna sanamu za hao wawili wa mwisho, ambazo wenyewe walishuhudia zikizinduliwa wakiwa hai, jambo linalohitaji moyo mgumu. Yaani mada zote za Bull zilikuwa ukutani. Angeweza kufundisha muhula mzima akiwa amesimama barabarani akinyoosha kidole.

Tena akaingia kwenye vitabu. Kwa muda mrefu wakubwa wa fasihi ya Norwei, Ibsen na Bjørnson wakiwemo, walichapishwa Copenhagen na Gyldendal, na faida ikabaki huko. Mwaka 1925 ikaanzishwa Gyldendal Norsk Forlag chini ya Harald Grieg, na haki za waandishi hao zikanunuliwa na kurudishwa nyumbani. Miongoni mwa waliotoa fedha nyingi alikuwa Knut Hamsun, mshindi wa Nobeli wa 1920. Bull naye alikuwa mtu wa ndani wa nyumba hiyo, mshauri na mjumbe wa bodi. Lishike jina la Hamsun pia. Linarudi, na halirudi na maua.

Je, mtu anaweza kuwa mhakiki, mwenyekiti wa ukumbi na mjumbe wa bodi ya mchapishaji kwa wakati mmoja? Leo tungeitisha kamati ya maadili. Oslo ilikuwa mji mdogo, na watu wenye maarifa hayo wangetosha kwenye meza moja ya Grand Café.

Alama: 6. Mbili zimeshikiliwa na kamati ya maadili mpaka itakapokutana.

3. Juzuu 21 za Ibsen na wahariri watatu wenye bahati mbaya

Mwaka 1928 ilitimia miaka mia tangu Ibsen azaliwe huko Skien. Taifa likaamua kumpa zawadi ambayo marehemu hawezi kuikataa: maandishi yake yote, yamehakikiwa, pamoja na rasimu, mashairi, makala na barua. Wahariri walikuwa watatu: Halvdan Koht, mwanahistoria, Didrik Arup Seip, mwanaisimu, na Francis Bull. Toleo hilo la miaka mia lilianza 1928 na kukamilika 1957, juzuu 21. Kuna ndoa zilizodumu muda mfupi zaidi na kutoa matunda machache zaidi.

Kwa nini ichukue miaka 29 kuchapisha upya vitabu ambavyo tayari vilikuwa madukani? Muulize Nora. Tamthilia yake ilitoka 1879. Kabla ya hapo kulikuwa na maelezo ya mwanzo ambayo Ibsen aliyaandika Roma mwaka 1878, kisha rasimu ambamo wahusika bado wanatafuta tabia zao. Baada ya hapo kukaja kisa cha Ujerumani. Waigizaji wa huko hawakutaka mama aache watoto jukwaani, na kwa kuogopa kwamba mwingine angeuharibu mwisho, Ibsen akauharibu mwenyewe: akaandika mwisho ambao Nora hatoki. Baadaye akaulaani mwisho huo waziwazi. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi wake kwamba mwandishi alikusudia hivi au vile, anapaswa kujua mwandishi alipita wapi kabla ya kufika. Kazi ya kumwonyesha njia hiyo ni ya mhariri, naye hulipwa kwa kutojulikana.

Sasa ile bahati mbaya. Koht alikuwa waziri wa mambo ya nje Ujerumani ilipoivamia Norwei tarehe 9 Aprili 1940. Akakimbia na mfalme na serikali hadi London. Seip alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Oslo. Akakamatwa na hatimaye kupelekwa kambi ya Sachsenhausen. Bull naye akafungwa. Wahariri watatu wa mwandishi aliyeandika tamthilia kuhusu mtu mmoja anayesimama dhidi ya umati. Mmoja uhamishoni, wawili nyuma ya waya. Paasche, mwenzake wa ile historia ya fasihi, alikimbilia Uswidi na kufia huko mwaka 1943.

Walionusurika walirudi mezani wakaendelea na juzuu zilizobaki. Mwaka 1954 Bull akaalikwa Oxford kutoa mhadhara kuhusu Ibsen kama mtu na kama mwandishi wa tamthilia. Unaona? Mtu kwanza, tamthilia baadaye. Hakubadilika.

Alama: 9. Moja imebaki kwa yule mpiga chapa aliyepanga herufi zote hizo na ambaye hata sisi hatumtaji.

2. Kumsoma Hamsun baada ya yote

Hapa utani unapunguza mwendo. Hamsun alikuwa mwandishi mkubwa. Sult ya 1890 iliwafundisha wengi barani Ulaya namna ya kuingia ndani ya kichwa cha mhusika mwenye njaa. Hamsun huyohuyo aliwaunga mkono wavamizi. Mwaka 1943 alimpelekea Goebbels nishani yake ya Nobeli, na tarehe 7 Mei 1945, siku ambazo hata wenye akili ndogo walikuwa wanatafuta pa kujificha, alichapisha taazia ya kumsifu Hitler. Baada ya vita alipimwa akili, akatozwa faini kubwa, na akafariki 1952 akiwa na miaka 92, bila kuomba radhi na bila kusahau koma hata moja.

Vitabu vyake vilifanywaje? Kulikuwa na Wanorwei waliovirudisha kwake, wakavitupa juu ya ua wa nyumba yake. Naye Bull, aliyekuwa mfungwa wakati Hamsun anatuma nishani, akaandika miaka ya 1950 insha iitwayo Knut Hamsun på ny, yaani tumtazame Hamsun upya. Hebu pima. Mtu aliyekuwa na haki kuliko wengi ya kusema sitaki kulisikia jina lile, ndiye aliyefungua kitabu tena.

Hapo ndipo ile mbinu ya kumtazama mwandishi kama mtu inapokutana na mtihani wake. Ni rahisi kusema tusome matini tu, tukaruka uchafu wa mwenye matini. Ni rahisi pia kusema mwenye matini ni mchafu, tuchome matini. Anayeamini kwamba maisha na kazi vinaelezana hana njia ya mkato: lazima avibebe vyote viwili, vitabu vizuri na taazia mbaya, katika mkono mmoja. Ni mzigo, na hakuna makofi mwishoni.

Alama: 9. Aliyewahi kujaribu kumsifu kwa haki mtu aliyemkosea ajiongezee ya kumi.

1. Grini

Nje kidogo ya Oslo, huko Bærum, Wanorwei walikuwa wamejenga gereza la wanawake. Wajerumani waliligeuza kuwa kambi, na kuanzia 1941 hadi Mei 1945 karibu watu 20,000 walipitia humo. Walikuwemo walimu, makasisi, wafanyakazi wa bandarini, wanasiasa. Alikuwemo Einar Gerhardsen, aliyekuja kuwa waziri mkuu mara vita vilipokwisha. Odd Nansen, msanifu majengo, mtoto wa mvumbuzi Fridtjof Nansen. Na Harald Grieg yule wa Gyldendal, pamoja na Seip. Kambi yenye waziri mkuu, mchapishaji na mkuu wa chuo kikuu: kilichokosekana ni uhuru tu.

Bull alifungwa humo kuanzia 1941 hadi 1944. Maktaba yake ilibaki mjini. Rasimu za Ibsen, barua za Bjørnson, Edda, vyote vilikuwa nje ya waya. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Naam, huyu hapa tajiri aliyenyang'anywa daftari zote kwa siku moja. Mali ikapotea?

Haikupotea. Wenzake walimwomba azungumze, naye akasimama katikati ya vitanda vya ghorofa akazungumza, bila karatasi, kama alivyozoea. Fasihi ya Norwei na watu wake: nani alikuwa fukara, nani aliandika nini baada ya kufiwa, nani aligombana na nani na taifa likapata nini katika ugomvi huo. Waliomsikiliza hawakuwa wanafunzi wa shahada. Walikuwemo mabaharia, mafundi, wakulima, vijana waliokamatwa na gazeti la siri mfukoni. Mfungwa aliyechoka kwa kubeba mawe hawezi kulishwa istilahi. Anaweza kulishwa habari za mtu. Ule umbea wenye shahada, ambao wenye darubini walikuja kuucheka, ndio uliowatoa watu nje ya waya kwa saa moja, wakarudi wakijua nchi waliyofungwa kwa ajili yake ina nini ndani.

Huko mjini mambo yalikuwa mabaya vilevile. Masika ya 1942 walimu wapatao 1,100 walikamatwa kwa kugoma kujiunga na chama cha walimu cha serikali ya vibaraka, na wengi walipitia Grini kabla ya kupelekwa kaskazini kufanya kazi ngumu. Mwishoni mwa Novemba 1943 Wajerumani wakafunga Chuo Kikuu cha Oslo na kuwakamata wanafunzi kwa mamia. Chuo kikafungwa, profesa alikuwa keshafungwa, na kufundisha hakukufungwa.

Vita vilipokwisha, mwaka 1945, hotuba hizo zilitoka katika kitabu, Tretten taler på Grini, hotuba kumi na tatu za Grini. Mwaka huohuo kikatoka kitabu chake kingine, Tradisjoner og minner, cha mapokeo na kumbukumbu. Kisha akarudi chuoni kuwafundisha vijana wenye madawati, vitabu na njia ya kutokea, wasikilizaji ambao kila mhadhiri anajua ni wagumu zaidi.

Basi tusiseme tena kwamba mhakiki ni mtu anayekula kwa jasho la waandishi. Mwandishi huandika mara moja na kwenda zake. Kuna mtu lazima abaki akikumbuka, ahakikishe neno ni lile, atenganishe kisa na uongo, na siku vitabu vikichukuliwa, awe na cha kusema. Kwa Norwei ya 1941 mtu huyo alikuwa na miaka 53, koti la mfungwa, na kichwa ambacho hakuna mlinzi aliyejua namna ya kukipekua.

Alama: 13 kati ya 10, moja kwa kila hotuba. Mwenye malalamiko kuhusu hesabu akumbuke kwamba tangu mwanzo tulisema rufaa hazipokelewi.